Magadi na medali: Mfanyabiashara wa Mbulu na Hanang apime kabla ya kununua

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa katika magulio ya Katesh, Dongobesh na Haydom, magadi ni mojawapo ya zile ambazo bei yake haimshtui mtu. Hununuliwa na mama mwenye maharage magumu jikoni, na hununuliwa na mfugaji anayetaka ng'ombe wake wapate cha kulamba. Hata hivyo, ndugu wa karibu wa bidhaa hiyo, yaani bikaboneti ya sodiamu, ambayo ndiyo ile soda nyeupe ya kuumulia mandazi, leo inauzwa Ulaya na Marekani kama bidhaa ya wanariadha, ikiwa imefungwa kitaalamu na kupewa bei isiyofanana kabisa na ile ya pakiti ya dukani.

Kwa wilaya mbili zinazojulikana kwa wakimbiaji na wakati huohuo zinazopakana na maziwa ya magadi, ni rahisi mtu mwenye mtaji mdogo kuona kwamba fursa imemjia mlangoni. Wakimbiaji wapo, magadi yapo, na dunia inalipa. Lakini hesabu za bidhaa hii zikikaguliwa moja baada ya nyingine, zinaonyesha sura tofauti, na katika sehemu moja zinaonyesha hatari kwa anayeuza na kwa anayekunywa.

Majina yanayochanganya soko

Jambo la kwanza ambalo mfanyabiashara anapaswa kulifahamu ni kwamba neno "magadi" hubeba bidhaa tatu tofauti, na tofauti hizo si za jina tu.

Ya kwanza ni magadi ya ziwani, yaani yale mabonge na vumbi linalobaki maji ya ziwa la chumvi yanapokauka. Wilaya ya Hanang ina Ziwa Balangida, chini ya Mlima Hanang wenye urefu wa mita 3,417, ambako wananchi wa maeneo kama Gendabi wamekuwa wakivuna chumvi. Upande wa Mbulu na Karatu kuna Ziwa Eyasi. Mazao ya maziwa ya aina hii ni mchanganyiko wa kaboneti, bikaboneti, chumvi ya kawaida na madini mengine, na uwiano wake hubadilika kutoka ziwa hadi ziwa na kutoka msimu hadi msimu.

Ya pili ni kaboneti ya sodiamu iliyosafishwa, ambayo wenye viwanda huiita magadi soda. Hii ni malighafi ya vioo na sabuni. Nchini Kenya imekuwa ikizalishwa katika Ziwa Magadi na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1911, ambayo leo imo mikononi mwa Tata ya India. Kwa upande wa Tanzania, mpango wa kujenga kiwanda Ziwa Natron ulipingwa vikali katika miaka ya 2006 hadi 2008 kwa ajili ya ndege heroe wanaozaliana huko, na baadaye Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) likaelekeza nguvu zake Engaruka, wilayani Monduli.

Ya tatu ni bikaboneti ya sodiamu yenyewe, iliyotengenezwa kiwandani na kusafishwa kwa kiwango cha chakula au cha dawa. Hii ndiyo inayozungumzwa katika michezo. Anayeuza moja kwa jina la nyingine anampa mteja kitu tofauti na alichokusudia kununua, na katika bidhaa inayoingia tumboni kosa hilo si dogo.

Kazi yake mwilini

Mkimbiaji anapokimbia kwa kasi kubwa, misuli huzalisha asidi haraka kuliko mwili unavyoweza kuiondoa. Hapo ndipo miguu inapoanza kuwaka moto na kasi kushuka. Damu ina akiba yake ya bikaboneti, ambayo kazi yake mojawapo ni kuipokea asidi hiyo na kuipooza. Kwa mtu mzima mwenye afya kiwango hicho huwa karibu milimoli 24 kwa lita. Anayekunywa bikaboneti kabla ya mbio huiongeza akiba hiyo kwa milimoli 5 au 6, hivyo asidi hutoka ndani ya misuli kwa urahisi zaidi, na mkimbiaji huweza kuvumilia kasi kwa muda mrefu kidogo.

Si ugunduzi mpya. Watafiti wa maabara ya uchovu ya Chuo Kikuu cha Harvard walikuwa wakiichunguza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1983 ulichapishwa utafiti uliohusu wakimbiaji 6 wa masafa ya kati. Katika mita 800 wastani wao ulikuwa dakika 2 na sekunde 5.8 walipokimbia bila kupewa kitu, na dakika 2 na sekunde 2.9 walipokunywa bikaboneti. Wakimbiaji 6 ni wachache, lakini tafiti nyingi zilizofuata zimekubaliana kwamba faida ipo, ingawa ni ndogo na haimpati kila mtu. Mwaka 2018 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitaja bikaboneti katika orodha fupi ya virutubisho vyenye ushahidi wa kusaidia, pamoja na kafeini, kreatini, naitreti na beta-alanini.

Kipimo kinachotumika sana ni gramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, saa 1 hadi 3 kabla ya mbio. Kwa mkimbiaji wa kilo 60 hiyo ni gramu 18, sawa na vijiko vinne hivi vya chai. Kiasi hicho kina karibu gramu 5 za sodiamu, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 kwa siku nzima. Aidha, bikaboneti inapokutana na asidi ya tumbo hutoa gesi. Kama gramu 18 zote zingegeuka gesi, zingetoa karibu lita 5. Ndiyo maana wengi wanaoinywa hulalamika kujaa tumbo, kichefuchefu, kutapika na kuharisha, na wapo wanaopoteza mbio chooni kabla ya kufika uwanjani.

Tatizo hilo la tumbo ndilo lililozaa biashara. Mwaka 2023 kampuni ya Maurten ya Sweden iliingiza sokoni bidhaa ambayo ndani yake bikaboneti imewekwa katika vidonge vidogo vidogo vinavyochanganywa na uteute mzito, ili vipite tumboni bila kulipuka gesi. Mteja wa bidhaa hiyo hatoi fedha kwa ajili ya unga, maana unga ni rahisi kila mahali duniani. Anacholipia ni ufundi wa kuufikisha kwenye utumbo salama. Mwenye duka Katesh hana ufundi huo wa kuuza.

Ni halali, lakini kuna mpaka

Bikaboneti ya sodiamu haimo katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa za Kuongeza Nguvu Michezoni (WADA). Mwanariadha anayeinywa hatendi kosa. Mpaka upo kwenye njia ya kuiingiza. Kanuni zinakataza kuongezewa maji ya dripu yanayozidi mililita 100 katika saa 12, isipokuwa kwa matibabu halali ya hospitali au kwa kibali maalumu. Kwa hiyo unga uleule unaoruhusiwa ukiwa kwenye kikombe huweza kumfungisha mkimbiaji ukipitia kwenye mshipa.

Swali ambalo wachunguzi wa michezo wamekuwa wakilijadili ni hili: je, ikiwa siku moja itaamuliwa kuipiga marufuku, itagunduliwa vipi? Jibu lina maana kwa mwekezaji pia, kwa sababu bidhaa isiyoweza kupimwa kwa uhakika ni vigumu kuipiga marufuku, na bidhaa inayoweza kupimwa huweza kutoweka sokoni kwa tangazo moja tu.

Somo kutoka kwa farasi

Katika mashindano ya farasi jambo hili lilikwishaamuliwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, wakufunzi wa Australia, New Zealand na Amerika Kaskazini walikuwa wakimpitishia farasi mpira puani hadi tumboni na kummiminia maji yenye bikaboneti na sukari saa chache kabla ya mbio. Wenye mchezo walijibu kwa kupima jumla ya hewa ya kaboni iliyomo katika damu. Farasi wa kawaida huwa na milimoli 30 hivi kwa lita. Mpaka ukawekwa kwenye 36 au 37 kutegemea nchi, juu kiasi cha kutosha ili farasi asiyepewa kitu asiadhibiwe kwa bahati mbaya. Damu huchukuliwa kabla ya mbio, au baada ya farasi kupumzishwa vya kutosha.

Kwa binadamu njia hiyohiyo inawezekana kimsingi. Damu ya aliyekunywa gramu 18 itaonyesha bikaboneti karibu 30 badala ya 24. Mkojo wake nao utaacha uchachu wake wa kawaida wa pH 6 hivi na kuelekea 8. Karatasi ya kupimia inaweza kuonyesha hilo kwa gharama ndogo sana. Ugumu uko katika kuthibitisha sababu yake.

Kwanza, bikaboneti ni kitu cha mwili wenyewe. Hakuna alama inayotofautisha chembe iliyotengenezwa mwilini na ile iliyotoka kwenye pakiti. Kinachoweza kupimwa ni wingi wake tu, na wingi huo hubadilika kwa sababu nyingi: mlo wa mboga na matunda, dawa ya kiungulia, au kutapika. Anayeishi nyanda za juu hupumua kwa kasi zaidi, na figo zake hupunguza bikaboneti ya damu kadiri mwinuko unavyozidi. Hivyo mkimbiaji wa milimani anaweza kunywa kiasi fulani na bado akaonekana wa kawaida mbele ya mpaka uliowekwa kwa watu wa pwani.

Pili, mbio zenyewe hufuta ushahidi. Mita 800 za kasi humwaga asidi nyingi kwenye damu, na bikaboneti hushuka ghafla. Anayepimwa mara tu baada ya kuvuka mstari anaweza kuonekana hana akiba yoyote. Kipimo chenye maana kingetakiwa kuchukuliwa kabla ya mbio, na ni vigumu kumtoa binadamu damu dakika chache kabla ya fainali bila kuzua malalamiko.

Tatu, mkojo wa pH 8 huweza kutokana na maambukizi, au na sampuli iliyokaa mahali penye joto kabla ya kufika maabara. Ipo hoja nyingine inayowashughulisha wapimaji zaidi: mkojo wa aina hiyo huchelewesha kutoka kwa baadhi ya dawa zilizopigwa marufuku, zikiwemo za jamii ya amfetamini. Kwa sababu hiyo bikaboneti hutazamwa kwa jicho la pili. Huenda haikunywewa kwa ajili ya misuli, bali kwa ajili ya kuficha kitu kingine.

Ipo njia ya nne inayoweza kufikiriwa, nayo ni kupima uzito wa kaboni katika hewa inayotolewa na mkimbiaji, kwa kuwa kaboni ya madini hutofautiana kidogo na kaboni ya chakula. Lakini kaboni ya mahindi nayo ni nzito kuliko ile ya ngano au viazi. Mla ugali wa Mbulu angeanza kupimwa akiwa tayari ameelemea upande wa mashaka, kabla hajagusa unga wowote.

Kwa jumla, mtu anaweza kushukiwa kwa urahisi, lakini kumtia hatiani ni vigumu. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuamini kwamba bidhaa itaendelea kuwa halali kwa muda.

Wateja ni wangapi?

Hapa ndipo mwenye mtaji anapaswa kutoa kalamu. Tafiti zinaonyesha kwamba bikaboneti husaidia hasa katika juhudi kali za kati ya sekunde 30 na dakika 12. Katika riadha hizo ni mita 400, 800, 1,500 na mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Sifa ya Mbulu na Hanang imejengwa zaidi juu ya masafa marefu. John Stephen Akhwari wa Mbulu ndiye aliyemaliza mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, goti likiwa limefungwa bandeji, na dunia ikamkumbuka kuliko wengi waliomtangulia. Gidamis Shahanga wa Hanang alitwaa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edmonton mwaka 1978, na ya mita 10,000 Brisbane mwaka 1982. Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu wakati huo ikiwa sehemu ya Mbulu, ndiye jina kubwa katika masafa ya kati: rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 huko Christchurch mwaka 1974, rekodi ya maili huko Kingston mwaka 1975, na medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji Moscow mwaka 1980.

Kwa hiyo wateja wa kweli ni wachache. Tuseme kundi la wakimbiaji 10 wa masafa ya kati, kila mmoja akitumia gramu 18 mara moja kwa wiki. Matumizi yao yote ni gramu 180. Pakiti ya kilo 1 itawatosha wiki 5 na ziada. Mwokaji mmoja wa mandazi mwenye wateja wa kutosha hununua zaidi ya hapo. Mfanyabiashara anayeagiza magunia kwa kutegemea wanariadha atayakalisha stoo mpaka yashike unyevu.

Magadi ya ziwani si mbadala

Wazo jingine ambalo lingeweza kumjia mtu ni kuyasaga magadi ya Balangida au Eyasi na kuyauza kwa wakimbiaji kama "dawa ya mbio" ya asili. Wazo hilo lisipewe nafasi hata kidogo.

Magadi ya ziwani yana kaboneti nyingi, na kaboneti ni kali kuliko bikaboneti. Maji yenye bikaboneti huwa na pH ya 8 hivi, wakati yale ya kaboneti huvuka 11, kiwango kinachoweza kuunguza koo na utando wa tumbo. Kinachowekwa kwenye sufuria ya maharage ni kidogo na humezwa kikiwa kimetawanyika katika chakula cha familia nzima. Vijiko vinne kwenye kikombe kimoja ni jambo jingine kabisa. Zaidi ya hayo, magadi ya kanda ya kaskazini yanajulikana kuwa na floraidi, ile inayochangia meno ya kahawia na kudhoofisha mifupa. Mkimbiaji anayetegemea mifupa yake kula hana sababu ya kuinunua kwa fedha zake.

Kisheria nako hakuna njia ya mkato. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umekuwa chini ya Shirika la Viwango (TBS), na dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Anayefunga unga kwenye mifuko na kuandika kwamba unatibu au unaongeza nguvu anajiingiza katika mikono ya vyombo hivyo viwili kwa pamoja.

Fedha ziko kwa mkimbiaji

Kwa upande wa mapato, thamani kubwa iko kwenye miguu ya mwanariadha. Gabriel Geay, mwenye rekodi ya taifa ya marathoni ya saa 2 na dakika 3 aliyoiweka Valencia mwaka 2022, alishika nafasi ya pili Boston mwaka 2023, nafasi yenye zawadi ya Dola 75,000 za Marekani. Septemba 2025, Alphonce Simbu wa mkoa jirani wa Singida alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, ushindi wenye zawadi ya Dola 70,000, kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde.

Fedha hizo hulindwa na kanuni moja: mwanariadha anawajibika kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kama hakujua kimeingiaje. Unga uliopimwa kwa kijiko kilichotoka kwenye dawa nyingine, au uliochanganywa na mtu asiyejulikana, unaweza kumletea adhabu ya hadi miaka 4. Kwa mkimbiaji wa miaka 26 hiyo ni karibu kazi yake yote, na pamoja nayo ada za shule za wadogo zake, nyumba ya wazazi, na deni la duka lililomkopesha unga na sukari akiwa mazoezini. Wafanyabiashara wa mji mdogo wanafahamu jinsi zawadi ya mtu mmoja inavyozunguka mikononi mwa wengi. Hasara nayo huzunguka hivyohivyo.

Ushauri kwa mwenye duka

Kwa sasa bikaboneti inabaki kuwa bidhaa ya mwokaji na ya jikoni, na huko ndiko hesabu yake inakolipa. Mwenye duka anunue ile ya kiwango cha chakula, yenye alama ya TBS, namba ya toleo na tarehe ya kuisha, na aiuze ikiwa katika pakiti yake bila kuifungua. Magadi ya ziwani yakae meza nyingine na jina lake lisibadilishwe. Mwanariadha anayekuja kuuliza aelekezwe kwa kocha na daktari wake kwanza, hasa mwenye shinikizo la damu au matatizo ya figo, na akinunua apewe risiti na ashauriwe kutunza pakiti yenye namba ya toleo. Risiti na namba hiyo ndizo zitakazomwezesha, akiulizwa, kuonyesha alikonunua na alichonunua.